Mbunge wa kisiwani ana watu 38,000, wa Alberta ana 115,000: nani aliyepanga hivi?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Edmonton, Alberta, mwaka wa sita sasa. Mchana natunza wazee, jioni nasoma kozi ya historia ya Kanada huku nikisubiri siku ya kuapa uraia. Juzi kazini ulizuka ubishi. Mwenzangu alisema mkoa wa Prince Edward Island, ambao ni kisiwa, ulikuwa na watu 154,000 tu kwa sensa ya 2021 lakini una wabunge 4, wakati Alberta yenye watu zaidi ya milioni 4 ina wabunge 37; kwa hiyo kura yangu itakuwa theluthi ya kura ya mtu wa kisiwani. Akaongeza kwamba waasisi wa Shirikisho la Kanada la 1867 waliahidi usawa wa kura, waziri mkuu wa kwanza, John A. Macdonald, akauvuruga kwa hila, na kwamba afadhali Seneti, maana kule kila mkoa una viti sawa kama Marekani. Kitabu chetu cha kozi kinapita hapo mbiombio, nami nina insha ya kuandika. Nani mkweli? Na je, kuna la kufanya?"

Marahaba. Hesabu za mwenzako ni sahihi kabisa. Historia yake ndiyo yenye matege. Nakuelewa pia unapouliza kwa uchungu kidogo: mtu amesubiri miaka apewe karatasi ya kura, kisha anaambiwa ni karatasi ya theluthi.

Kabla sijaenda mbali, neno moja litatusumbua tusipoliweka sawa. Kwa Kiswahili tunasema "jimbo la Ontario" na tunasema pia "jimbo la Ubungo", na hivyo ni vitu viwili tofauti. Hapa Ontario na Alberta nitaziita mikoa. Jimbo litabaki kuwa eneo linalomchagua mbunge.

Anza na mwaka 1841, maana 1867 ni jibu la ugomvi ulioanza huko. Mwaka huo Uingereza iliunganisha makoloni mawili: Kanada ya Chini, yenye Wafaransa wengi, ambayo leo ndiyo Quebec, na Kanada ya Juu, ya Waingereza, ambayo leo ni Ontario. Upande wa Wafaransa ulikuwa na watu wapatao 650,000, upande wa pili wapatao 450,000. Bunge likapewa viti 84, kila upande 42. Huna haja ya kuwa mwanasheria kuona nani alipunjwa, na ilikusudiwa hivyo: Wafaransa wasiweze kuwashinda Waingereza kwa wingi wao. Cha ajabu, Lord Durham, ambaye ripoti yake ya 1839 ndiyo iliyopendekeza kuunganisha makoloni hayo, na ambaye hakuficha nia yake ya kuwafanya Wafaransa wamezwe na Waingereza, alionya dhidi ya viti sawa. Hoja yake ilikuwa kwamba wahamiaji wangebadili hesabu wenyewe bila kumdhulumu mtu. Hakusikilizwa.

Wahamiaji walikuja kweli. Sensa ya 1851 ilikuta upande wa Waingereza una watu 952,004 na upande wa Wafaransa 890,261. Kibao kikageuka. Wale waliokaa kimya wakati usawa wa viti ukiwanufaisha ndio sasa waliopiga kelele. George Brown, mwenye gazeti la Globe la Toronto, akaifanya "uwakilishi kwa idadi ya watu" kuwa wimbo wa maisha yake. Wanasiasa wa Kifaransa, waliokuwa wameulalamikia mfumo huohuo, wakaanza kuukumbatia kama ngao. Nakuomba ushike hapo, kwa sababu utaliona jambo hilo tena na tena katika siasa za Kanada: kanuni huitwa haki na yule ambaye inampa viti mwaka huo.

Viti viliongezwa hadi 130 mwaka 1854, lakini 65 kwa 65, kwa hiyo ugomvi haukwisha. Kila upande ulikuwa na wabunge wa kutosha kuuzuia mwingine, lakini hawakutosha kutawala. Kati ya 1862 na 1864 serikali zilianguka moja baada ya nyingine. Juni 1864 Brown alikubali kuingia serikali ya mseto na Macdonald, mtu aliyemchukia kwa dhati, na George-Étienne Cartier, kiongozi wa Wafaransa. Shirikisho lilizaliwa katika mkwamo huo. Bei ya Brown ilikuwa moja: viti kwa idadi ya watu. Bei ya Cartier nayo ilikuwa moja: Quebec ipate serikali yake ya mkoa, na mambo ya shule, dini na sheria za kiraia yasiamuliwe na wingi wa Waingereza.

Sasa nikupe hesabu ambayo nadhani mwenzako hajawahi kuiona. Katiba ya 1867 iliipa Quebec viti 65, Ontario 82, Nova Scotia 19 na New Brunswick 15, jumla 181. Gawanya kwa sensa ya 1861. Ontario inapata mbunge mmoja kwa watu 17,025, Quebec 17,101, Nova Scotia 17,413, New Brunswick 16,803. Tofauti haifiki watu 700. Kwa hiyo ahadi ya usawa baina ya mikoa haikuwa maneno matupu. Siku ya kwanza ilitimizwa kwa usahihi ambao leo Kanada haiwezi hata kuuota.

Namna ya kupima nayo ilikuwa rahisi. Quebec ndiyo iliyokuwa pishi. Viti vyake 65 havibadiliki; kila baada ya sensa ya miaka kumi unagawa watu wa Quebec kwa 65, na jibu unalolipata ndilo unalopimia mikoa mingine. Quebec ikiongezeka watu, pishi linakua. Mkoa ambao watu wake hawaongezeki kwa kasi hiyo hupoteza viti hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyeuhama.

Basi usawa huo uliharibikia wapi? Mlangoni, wakati wa kukaribisha wageni.

Manitoba iliingia 1870 ikiwa na watu 12,228. Kwa pishi la Quebec haikustahili hata mbunge mmoja kamili. Ilipewa 4, kwa sababu Wametisi, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji wa asili na Wazungu, wakiongozwa na Louis Riel walikuwa wameshika ngome ya Fort Garry, na serikali kuu ya Ottawa ilihitaji makubaliano. British Columbia iliingia 1871 kwa wabunge 6 na ahadi ya reli; katika masharti yake, kwa ajili ya kukokotoa ruzuku, idadi ya watu ilikadiriwa kuwa 60,000, ingawa halisi ilikuwa karibu 36,000. Kila mtu mezani alijua, na hakuna aliyekohoa. Ottawa iliiogopa Marekani kuliko ilivyoiogopa hesabu mbaya.

Kisha kisiwa chako cha ugomvi. Prince Edward Island ilikaa katika mikutano ya 1864, ule wa Charlottetown, mji wake wenyewe, na ule wa Quebec. Kwa watu wake 80,857 ilistahili viti 5, na ilipewa 5, yaani haki yake kamili kwa kanuni ya Brown. Ikakataa. Wajumbe wake walitaka 6, kwa sababu kisiwa kina kaunti tatu na walitaka mbili mbili kwa kila moja. Ukisoma hivi unaweza kucheka, lakini jiweke mahali pao: katika ukumbi wa watu zaidi ya 180, watano ni nini? Sauti yao isingesikika, wapate watano au sita. Walichokuwa wakiuliza ni kama kisiwa kitabaki kuwa kitu au kitakuwa kata ya Ontario. Wakajitoa. Miaka michache baadaye walianza kujenga reli yao wenyewe, deni likawaelemea, na mwaka 1873 wakarudi kubisha hodi. Wakapewa 6.

Lakini hizo 6 hazikuwa za milele. Pishi la Quebec lilikua, na vijana wa kisiwani wakahamia Marekani na kwingineko. Viti vikashuka hadi 5, kisha 4. Kisiwa kilipinga mahakamani, kesi ikafika hadi London, kikashindwa. Sensa ya 1911 ilikikuta na watu 93,728 wakati pishi limefika karibu 31,000, na hesabu ikasema 3. Hapo ndipo lilipofanyika jambo unaloliona leo: mwaka 1915 katiba iliongezwa kipengele kwamba hakuna mkoa utakaokuwa na wabunge wachache kuliko maseneta wake. Kisiwa kina maseneta 4. Basi wabunge 4, hadi leo, hata idadi ya watu iweje.

Waziri mkuu wakati huo alikuwa Robert Borden. Macdonald alikuwa kaburini tangu 1891, miaka 24 kabla. Mwambie mwenzako hilo taratibu.

Simtetei Macdonald. Hila zake zilikuwepo, ila zilikuwa mahali pengine, na kwa maoni yangu zilikuwa mbaya zaidi kuliko viti vya kisiwani. Uchaguzi wa 1867 haukufanyika siku moja. Ulianza Agosti 7 ukaisha Septemba 20. Serikali iliweza kuanza na majimbo iliyokuwa na uhakika nayo, ili habari za ushindi ziwatangulie wapiga kura wanaosuasua. Kura ilipigwa kwa mdomo: unapanda jukwaani, unataja jina la unayemchagua, na mwenye nyumba wako, mwajiri wako na aliyekukopesha wanasikia. Karibu kote ilikuwa hivyo. New Brunswick pekee ilikuwa na kura ya karatasi tangu 1855. Kura ya siri ya taifa ilipitishwa 1874, chini ya serikali ya Alexander Mackenzie, si ya Macdonald.

Mwaka 1882 Macdonald alichora upya majimbo ya Ontario akiwarundika wafuasi wa chama cha Liberal katika majimbo machache, ili washinde pale kwa kura za kumwaga na washindwe kwingine kwa kura chache. Idadi ya viti vya Ontario ilikuwa halali kabisa kwa katiba. Mistari ndiyo iliyokuwa imepinda. Tofautisha mambo haya mawili katika insha yako na utakuwa umemzidi kila mtu darasani: kuna swali la mkoa upate viti vingapi, na kuna swali la nani anashika kalamu kuchora majimbo ndani ya mkoa. Swali la kwanza lilikuwa na kanuni tangu 1867. La pili liliachwa mikononi mwa wanasiasa hadi 1964, ilipopitishwa sheria ya kuunda tume huru kwa kila mkoa.

Hata dhana yetu kwamba mbunge ni mtu wa kwao, wao waliichukulia kwa wepesi. Mwaka 1841 mwanasiasa wa Kifaransa, Louis-Hippolyte LaFontaine, alijitoa kugombea kwao Terrebonne kwa sababu ya fujo za uchaguzi. Mwanasiasa mwenzake wa Kiingereza, Robert Baldwin wa Toronto, akamtafutia kiti huko York, kati ya wakulima Waingereza, nao wakamchagua. Baldwin alipokosa kiti, Wafaransa wa Rimouski walilipa fadhila hiyo 1843. Naipenda sana habari hii. Cartier alishindwa Montreal 1872 akapewa Provencher kule Manitoba, Riel mwenyewe akimpisha. Na Macdonald, aliposhindwa kwao Kingston 1878, alichaguliwa Victoria, British Columbia, mji ambao hakukanyaga hadi 1886.

Kuhusu Seneti, hapa mwenzako amekosea kabisa, na amekosea upande unaomuumiza yeye mwenyewe. Seneti ya Kanada haikugawa viti kwa mikoa kama Marekani. Iligawa kwa kanda: Ontario 24, Quebec 24, na mikoa ya baharini (Nova Scotia, New Brunswick na baadaye Prince Edward Island) kwa pamoja 24. Magharibi ilikuja kutambuliwa kuwa kanda mwaka uleule wa 1915, ikapewa 24, yaani 6 kwa kila mkoa. Ndiyo maana leo Alberta ina maseneta 6 na New Brunswick, iliyokuwa na watu wasiofika laki 8 kwa sensa ya 2021, ina 10. Maseneta hao hawachaguliwi. Wanateuliwa na Gavana Mkuu kwa ushauri wa waziri mkuu. Brown, bingwa wa hesabu za watu, alitetea uteuzi huo kwa nguvu. Aliogopa kwamba baraza la pili likichaguliwa litajiona na haki ya kupingana na la kwanza, na viti kwa idadi ya watu alivyovipigania vingekosa maana. Kwa hiyo kama Mwalberta anataka kulalamikia uwakilishi, namshauri aache kisiwa aangalie Seneti.

Kuna wengine ambao hesabu hizi zote haziwahusu. Eneo ambalo sasa unaishi liliingia Kanada 1870 na halikuwa na mbunge hata mmoja hadi uchaguzi wa 1887. Miaka 17. Wametisi na walowezi wa huko walipoandika malalamiko yao Desemba 1884, kutokuwa na mwakilishi Ottawa lilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyataja; mapigano kati ya Wametisi na serikali yalianza Machi 1885. Sheria ya uchaguzi ya mwaka huohuo iliwanyima Wachina kura waziwazi na kuwafungia mlango watu wa asili wa magharibi. Wanawake wengi walipata kura ya taifa 1918. Watu wa asili waliosajiliwa na serikali waliipata bila masharti ya kuacha hadhi yao hiyo ya kisheria mwaka 1960. Wote hao walihesabiwa au kukadiriwa katika sensa iliyogawa viti. Mwili wao uliongeza uzito wa mkoa, sauti yao haikuhitajika.

Sasa kura yako. Kwa sensa ya 2021 mbunge wa kisiwani ana watu 38,583 na wa Alberta, kwa viti vipya 37, ana 115,206. Ni kweli, mara tatu. Lakini kulinganisha na kisiwa ni kulinganisha na kitu cha pekee. Wastani wa nchi nzima, viti 343, ni kama watu 107,800. Ontario iko 116,590, British Columbia 116,299, Quebec 108,998. Uko nyuma ya wastani kwa asilimia 7 hivi, na mtu wa Toronto yuko nyuma kukuzidi. Wanaofaidika zaidi karibu nawe ni Saskatchewan, watu 80,893 kwa mbunge, kwa sababu sheria za baadaye ziliongeza ulinzi mwingine wa kutopunguziwa viti.

La kufanya? Kukipunguzia kisiwa viti kunahitaji kubadili katiba kwa idhini ya bunge la Ottawa na mikoa yote kumi, kisiwa chenyewe kikiwemo. Sahau. Kuwapa wengine viti hadi wafikie kipimo cha kisiwa kungeleta bunge la wabunge karibu 960. Hata ukumbi hautatosha. Kugeuza Seneti iwe ya kuchaguliwa kunahitaji mikoa 7 yenye angalau nusu ya watu, kama Mahakama ya Juu ilivyoeleza 2014. Kilichobaki, na ndicho kinachofanyika, ni kuongeza viti kidogo kidogo pale watu wanapoongezeka: Alberta ilipanda kutoka 34 hadi 37 kwa njia hiyo. Ni dawa ya polepole na haiponyi kabisa. Mimi naona inatosha, ila wapo wasomi wazuri wasiokubaliana nami.

Mahali ambapo sauti yako inaweza kugusa kitu ni katika kalamu ya mipaka. Baada ya kila sensa ya miaka kumi, tume ya Alberta hufanya vikao vya wazi, na mtu yeyote anaweza kuandika au kusimama kueleza kwa nini mtaa wake usikatwe katikati. Jimbo linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 25 ya wastani wa mkoa, na nafasi hiyo ni pana kuliko tofauti yako na wastani wa nchi. Zamu nyingine itafuata sensa ya 2031. Utakuwa raia wakati huo.

Kwa insha, usinitegemee mimi peke yangu. Nenda ana kwa ana kwa mkutubi wa chuo au wa maktaba ya bunge la mkoa hapo Edmonton, umwombe kitabu cha mijadala ya Shirikisho kilichochapwa Quebec 1865. Kina kurasa zaidi ya 1,000, usijaribu kukimaliza. Mwambie akuonyeshe hotuba za Brown na Cartier za mwezi Februari, ukazisome sambamba. Na kama jambo linalokukosesha usingizi ni faili lako la uraia lenyewe, hilo si langu wala la mwenzako wa kazini: tafuta wakili wa uhamiaji au kituo cha kuhudumia wahamiaji, ubebe karatasi zako zote.